Mbwa wa Pasiansi Aliyekatazwa Samaki

Sisi tuliokulia Pasiansi, kando ya ziwa, kabla ya kuta na mageti tulikuwa watoto wa kunuka samaki, na hatukujua kwamba tunanuka. Mchana ugali na dagaa, jioni ugali na sato, na siku mama akijisikia kubadilisha, ugali na dagaa wa kukaanga. Tulicheza rede mpaka magoti yakawa ya kijivu kwa vumbi, tukapanda yale mawe makubwa na kuteleza kwa makalio hadi nguo zikatoboka, halafu tukachapwa kwa kosa la kutoboa nguo, si kwa kosa la kutaka kuvunja shingo. Shingo ilikuwa yako, nguo ilikuwa ya mama.

Mbwa nao walikula tulichokula. Hakuna aliyempikia mbwa. Alipewa makombo, na makombo yakikosekana alishuka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akajiokotea vichwa vya sangara. Wetu aliitwa Watasema. Baba alimpa jina hilo kwa ajili ya Mzee Bahebe, jirani tuliyekuwa tukigombania naye mpaka wa kiwanja, na kila jioni baba alisimama uani akamwita mbwa kwa sauti kubwa kuliko mbwa alivyohitaji. Mbwa huyo alikuwa ametoka Misungwi kwa bibi, mama yake baba, akiwa mdogo wa kuenea kwenye kikapu. Nilikabidhiwa mimi kwa sababu nilikuwa kitindamimba na sikuwa na mtu mwingine wa kumwamuru. Nilimpenda mbwa yule kuliko kaka zangu wawili, na nayaandika haya nikijua watasoma.

Alipokaribia mwaka mmoja akaanza kujikuna. Alijikuna masikio, akajikuna tumbo, akalamba nyayo hadi zikawa nyekundu, na manyoya ya mgongoni yakanyonyoka. Kila mtu mtaani alikuwa daktari. Mmoja akasema apakwe oili chafu ya gari, kaka zangu wakampaka, na kwa wiki nzima tukawa na mbwa anayenuka gereji na anayejikuna vilevile. Mama yeye aliamini hakuna ugonjwa unaoshinda sabuni ya mche, akamsugua kwa gunzi la hindi jinsi alivyotusugua sisi siku za Jumamosi. Mbwa alilia, nami nikalia, na ngozi ikazidi kuwaka.

Ndipo baba akasema kwamba kama ule ni upele utatuambukiza wote, na mbwa asipopona itabidi aondolewe. Tulijua kuondolewa maana yake nini. Mbwa wa nyumba ya tatu aliondolewa mwaka ule ule, na hakuna aliyeuliza amekwenda wapi. Nililala njaa siku ile, jambo ambalo halijawahi kutokea tena maishani mwangu, na ukiniona utaamini.

Kesho yake baba alimsimamisha bwana mifugo aliyekuwa akipita na baiskeli. Alikuwa Msukuma wa vijijini kama nusu ya ukoo wetu, na ulimi wake haukuona sababu ya kutenganisha L na R. Tena alikuwa na haraka, kuna ng'ombe aliyekuwa ameshindwa kuzaa huko mbele. Akamfunua Watasema masikio, akamtazama tumbo, akauliza anakula nini, akajibiwa samaki. Akapanda baiskeli na kusema, "Huyu areji. Tatizo ni chakura." Akaondoka.

Neno aleji halikuwa limefika nyumbani kwetu. Baba alisikia "arejee", na akaelewa kwamba serikali imeagiza mbwa arejee alikotoka, kwa kuwa sisi tumeshindwa kumlisha. Iliyomuuma ni sehemu ya pili. Kutwa nzima alizunguka uani akinung'unika kwamba mtu analisha watoto watatu wenye mashavu, halafu anaambiwa ameshindwa na mbwa. Lakini agizo ni agizo. Jumamosi akamfunga Watasema kamba na kumpeleka Misungwi. Nikabaki na kibakuli chake cha bati.

Likizo ilipofika nilipelekwa kwa bibi. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitika, "Marahaba, mke mwenzangu," na kabla sijamaliza kukunja goti, nikaangushwa chini na mbwa mnene, mwenye manyoya yanayong'aa, ambaye ilinichukua muda kuamini kwamba ni wangu. Nilimuuliza bibi amempa dawa gani. Akasema hakumpa dawa. Alimpa ugali wa mtama na mchuzi wa mifupa ya mbuzi, na michembe, yale makopa ya viazi vitamu, iliyochemshwa ikalainika. Samaki kwake walifika kwa nadra, na wakifika hawakubaki. Sabuni aliikataa kabisa. Alichemsha majani ya mwarobaini, akaacha maji yapoe, akammwagia taratibu kwa kata na kumkausha kwa kipande cha kanga kuukuu. Alisema ngozi inayouma haisuguliwi, hata wewe mtu mzima usingekubali.

Nilirudi naye Pasiansi kwa maringo. Maringo yale yalidumu siku tisa. Siku ya kumi akaanza kujikuna masikio, na mama akaanza kulitazama gunzi.

Safari hii bwana mifugo alikuja mwenyewe, kuulizia maendeleo ya mgonjwa. Akamwona anavyojikuna, akauliza kama tuliacha kumpa samaki.

"Si ulisema arejee?" baba akauliza. "Tukamrejesha Misungwi."

"Nirisema areji," bwana mifugo akasema polepole, kama anayesomesha darasa la kwanza. "Mwiri wake unakataa samaki."

Baba akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini, na mama naye akamfuata, na bwana mifugo aliyekuwa hajui kinachochekwa akacheka kwa adabu. Walipomaliza, mama akajifuta machozi na kuuliza swali la maana: kando ya ziwa hili, nyumba ambayo hata kibuyu cha chumvi kinanuka dagaa, mbwa atakula nini? Yeye hakuwa tayari kumpikia mbwa. Akatoa sharti lake hapo hapo: "Utampika wewe. Na siku nikimwona anajikuna tena, anarudi Misungwi moja kwa moja."

Basi nikawa mpishi. Kila jioni nilibandika kisufuria cha mtama na michembe iliyotumwa na bibi, na Jumamosi nikachemsha mwarobaini, wakati wenzangu wakicheza kombolela. Kupika kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuuzuia mtaa mzima. Nilipita nyumba hadi nyumba nikiamkia na kuomba mbwa wetu asipewe samaki, na kila nyumba wakacheka kwanza, kisha wakakubali. Akina mama wa mwaloni walilichukua jambo lile kama lao. Watasema akisogelea chungu ya vichwa, mmoja angesimama na kumwambia kwamba yeye hospitali wamemkataza.

Lakini aliendelea kujikuna, kidogo, na nilijua mama anahesabu. Ilibaki nyumba moja tu ambayo sikuwa nimekwenda. Nilimkuta Mzee Bahebe barazani. Nilimwamkia, nikasema shida yangu, nikiepuka kulitaja jina la mbwa.

Mzee akainamisha kichwa. Akakiri kwamba kila asubuhi, kwa miezi mingi, alikuwa akimrushia kichwa cha sato juu ya ua wa minyaa uliotutenganisha. Nilimuuliza kwa nini, na mbwa mwenyewe ameitwa vile kwa ajili yake.

"Mbwa ana kosa gani?" akasema. "Mimi namwita Tumesikia. Na anaitika."

Aliacha siku ile ile. Baada ya mwezi Watasema alikuwa na manyoya mgongo mzima, mama hakulitaja tena jina la Misungwi, na mbwa yule akaishi nasi hadi mimi namaliza shule, akiitika majina mawili.

Leo binti yangu ana mbwa wa ndani, naye ana aleji, ya kuku. Ana shampuu yake isiyo na harufu, chakula chake cha mfuko, na daktari anayempigia video. Binti anamwita "mwanangu" na kumpiga picha akila, na mimi nikisema tulitumia mwarobaini ananitazama kama nimesema tulitumia tunguri. Simlaumu, mbwa kapona. Ila tunaishi nyuma ya ukuta wenye vigae vya chupa, mwaka wa sita sasa, na jirani wa kulia namjua kwa honi ya gari lake tu. Hakuna mtu wa kumwomba asimlishe mbwa wetu, kwa sababu hakuna anayejua kama tuna mbwa. Kuna asubuhi natoka uani na kuangalia chini ya ukuta, nikitamani kwa moyo wote nikute mtu ametupa paja la kuku, ili nipate sababu ya kwenda kugonga kwake na kugombana.