Kongosho na Sahani ya Mama Apolonia

Mimi Severini, wa Mngeta. Kabla sijaugua nilikuwa mtu mkubwa. Sisemi cheo, nasema tumbo. Nikipanda mtumbwi wenzangu wote wanahamia upande wa pili usije ukazama. Nalima mpunga, navua kambale, jioni nakunywa. Pombe ya kawaida kwangu ilikuwa chai. Kazi hasa ilikuwa moshi, yaani gongo, ile Bwana Shauri wa serikali akikukuta nayo unalala ndani, ile ukiimwaga chini nyasi zinanyauka.

Aliyenilea ni Mama Apolonia. Mama yangu mzazi alikufa akinizaa, mdogo wake akaolewa na baba, akanibeba mgongoni. Yeye mwenyewe alizaa watatu, wote wakafa wachanga. Mnajua watu wetu walivyo. Mwanamke azike watatu wake, halafu wa dada yake anenepe, maneno hayakosi. Lakini yalikuwa ya chinichini, hakuna aliyemwambia usoni. Mimi ndiye niliyeyatoa hadharani, kwa mdomo wangu huu.

Mwaka huo mpunga ulikuwa unaanza kukomaa, tukabatiza mtoto wa jirani. Nikanywa siku mbili. Ya tatu asubuhi nikashikwa hapa, kwenye chembe cha moyo. Maumivu yakaingia mbele yakatokea mgongoni, kama mtu amenichoma mkuki akausahau humo. Kulala siwezi, kusimama siwezi. Nafuu ilikuwa kukaa nimekumbatia magoti. Nikatapika chakula, nikatapika nyongo, nadhani na maji ya ubatizo wangu yalitoka. Viboko walitoka mtoni kuangalia nani anawaiga.

Wakanibeba kwa machela, wakanipakia mtumbwini, siku mbili mpaka Ifakara, hospitali ya misheni. Mke wangu alikuwa na kichanga, kwa hiyo aliyekuja kuniuguza ni shangazi Veronika.

Daktari, Mzungu mrefu, akanibonyeza tumbo.

"Umekunywa pombe?"

"Kidogo, Dokta."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo mpaka ikaisha."

Hakucheka. Akasema, "Kuna kitu kinaitwa kongosho. Kimelala nyuma ya tumbo la chakula, kinatoa maji ya kuyeyusha chakula. Sasa kimevimba, na maji yake yanakiyeyusha chenyewe."

"Basi kikate, ukitupe."

"Nikikupasua leo utafia mezani. Tunakipumzisha kwanza. Hutakula, hutakunywa hata maji, mpaka niseme mimi."

Wakaniingiza mpira puani mpaka tumboni, ukawa unatoa maji ya kijani kwenye chupa. Mkononi sindano, maji ya chumvi yanadondoka tone kwa tone. Na sindano ya maumivu, ikipita hiyo nalala saa mbili, naamka nalia tena. Ulimi ulikauka kama ngozi ya ngoma. Sista ananilowanisha midomo kwa pamba, basi. Nilimwonea wivu nzi aliyetua kwenye kikombe cha mwenzangu.

Siku ya sita akatokea Mama Apolonia. Ametembea kwa miguu kutoka Mngeta, mahali pengine maji ya kifua, mzigo kichwani. Ameniletea pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga, na kambale mkavu ambaye amempikia mchuzi hapo nje wanapopikia wauguzaji. Miguu imemvimba. Watu wa kwetu kama wanne walikuwa wamekaa kunizunguka. Akaweka sahani kitandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kula."

"Siruhusiwi, mama."

"Tonge moja tu. Nimetoka mbali."

Akalisogeza tonge mdomoni. Nikageuza uso. Sista akaja akaiondoa sahani. Watu wakanyamaza. Kwetu sisi, mgonjwa akikataa chakula cha mtu mbele za watu, hahitaji kusema neno. Kila mmoja ameshajua anamshuku nani. Nikauona ule ukimya, nikataka kuuvunja kwa mzaha kama kawaida yangu. Nikasema:

"Mama, watatu hawajakutosha, umekuja kunimalizia na mimi?"

Nikacheka peke yangu. Na mpira puani, sauti ikatoka kama ya chura. Mama akakunja kanga yake taratibu.

"Haya, mwanangu," akasema. "Pona."

Akaondoka siku ileile, na miguu ile.

Shangazi Veronika akaniinamia. "Afadhali umesema wewe. Tulikuwa tunangoja."

"Shangazi, nilikuwa natania."

"Utani gani huo, na wewe unakufa?"

Nilitaka kurudi Mngeta hata kwa kutambaa. Maumivu yakapungua, nikapewa uji mwepesi, lakini tumbo likaanza kuvimba upya, juu, kama nimemeza boga. Daktari akasema maji ya kongosho yamejitengenezea kifuko, tungoje ukuta wake ukomae, la sivyo akikishona uzi hautashika. Wiki zikapita. Nikawatuma watu watatu wakaseme nyumbani kwamba ulikuwa utani. Wakarudisha jibu: watu wanasema Severini ameogopa, anamtuliza asimmalizie hukohuko.

Mwisho nikapasuliwa. Wakanifunika pua kwa kitambaa chenye dawa, wakaniambia nihesabu. Nikafika nne, na hata nikiwa mzima kuhesabu kwangu kunaishia hapohapo. Daktari akakitoboa kifuko, akakishonea na tumbo la chakula, maji yapitie humo. Mimi nasema yalijaa madebe mawili. Sista anasema chupa tatu. Msikilizeni sista.

Nilirudi nimekonda, kivuli changu kinene kuliko mimi. Nikaikuta nyumba ya mama watu wameiezua paa. Wanawake walikataa kuteka maji pamoja naye, kanisani benchi lake anakaa peke yake. Alikuwa amehamia shambani, kwenye dungu la kulindia ndege. Nikaenda, na watu wakanifuata, niliwaita mwenyewe.

"Hodi, mama."

"Karibu."

"Nimekuja kula. Daktari ameruhusu."

Akapika wali na mboga za majani. Kabla hajanipa, akachota upande wangu wa sahani, akala, akameza, akawafunulia watu mdomo waone, kama mtoto anayekaguliwa na mama yake.

"Mama, usifanye hivyo. Ni mimi."

"Wewe kula tu, baba. Nami nataka kurudi kulala nyumbani."

Nikala nalia. Tukamwezekea nyumba upya, wanawake wakaanza kumwamkia. Lakini tangu siku ile hakunipa kitu bila kuonja kwanza na kufungua mdomo. Hata maji. Hata tukiwa wawili tu. Nikimtania anacheka, anacheka kweli, na bado anaonja.

Namshukuru Mungu, na daktari, na masista. Pombe sigusi tena. Wewe ukishikwa chembe cha moyo maumivu yakatokea mgongoni, usijikaze, usinywe mizizi, nenda hospitali. Na ukiambiwa usile, waite ndugu zako, daktari awaambie mwenyewe, kabla mtu hajajitwisha mzigo kichwani.

Masika yaliyopita Mama Apolonia aliugua kifua. Siku zake za mwisho alitaka uji, nikaupika mimi. Nikachota kijiko cha kwanza, nikanywa, nikamfungulia mdomo.

Akanitazama sana.

"Acha mchezo, Severini," akasema. "Nipe uji."

Akaunywa wote.