Miguu ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani ameufuata mto kwa baiskeli, peke yake, kutoka kwenye chemchemi hadi unapoingia baharini, na kila daraja alilipigia kengele kabla ya kuvuka, kama mtu anayebisha hodi. Dada yake mkubwa alikuwa ameapa kwamba atashindwa njiani na kuletwa na lori. Sasa amekaa jikoni kwa dada huyo, tope hadi masikioni, anacheka peke yake, kidole gumba kikibonyeza kikombe kana kwamba kitalia kama kengele. Chini ya meza, miguu iliyokanyaga cherehani miaka yote bila kutoka chumbani bado inakanyaga, na vyombo vinacheza. Dada akainama, akachungulia.

"Mdogo wangu, si umeshafika?"

"Mimi nimefika, dada," akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Miguu ndiyo haijaamini."