Bibi wa Kwenye Kanda

Kosa langu la kwanza katika kazi ya filamu, mwanangu, lilikuwa kuogopa kusema sijui. Umenipa nisome maoni yako juu ya ile filamu uliyoitazama, nami nimeyasoma mara mbili. Umeandika vizuri. Ila kila swali la filamu ile umelipatia jibu, na hapo nikamwona kijana ninayemfahamu sana. Basi keti nikusimulie mchana mmoja ninaoukumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mama yako asisikie.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja Bariadi kugombea pamba, maduka yakajaa redio na mabati, na mtu mmoja aliyetoka Mwanza akaleta televisheni, deki ya kuchezea kanda za video, na jenereta. Alijenga banda la udongo nyuma ya soko, akaziba madirisha kwa magunia ili mchana uwe giza. Mimi nilikuwa msemaji wa banda. Nilisimama kando ya televisheni na fimbo yangu, filamu ikienda nikieleza huyu kasema nini, yule anataka nini, na maana yake kwetu ni ipi. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi iliyochanika jalada. Sikuwa na mwalimu wa kunisahihisha, ndiyo maana niliogopa kukosea kuliko mwanafunzi yeyote. Kanda mpya niliitazama peke yangu asubuhi, narudisha, naitazama tena, mpaka mwenye banda ananifukuza. Mtu akicheka mahali pasipochekesha, sikupata usingizi.

Sasa ikaja kanda isiyo na jina. Lugha yake haikuwa Kiingereza wala Kihindi, wala lugha yoyote niliyowahi kuisikia. Ndani yake kuna nyumba moja, familia moja, na bibi kizee asiyesema neno. Anasimama nje ya dirisha, anatazama ndani. Kila anapoonekana, kuna mtu amelala kitandani, na baadaye kidogo kitanda kile ni kitupu. Mwishoni bibi anageuka, anatutazama sisi, anafungua kinywa. Hapo hapo kanda inaingia chenga. Mwisho wake haukuwepo. Nilirudisha na kurudisha hadi nikaanza kuhisi kwamba kila mara anasogea karibu zaidi. Najua haiwezekani. Nakwambia nilivyohisi.

Ningeweza kuwaambia watu, jamani, hii sikuielewa. Usilolijua ni usiku wa kiza, walisema wahenga, lakini mimi niliona aibu kukaa gizani mbele ya watu. Siku ya mnada, banda likiwa limejaa wachunga ng'ombe na wakulima, nilinyoosha fimbo kwenye uso wa bibi yule nikasema, "Mtazameni macho. Mekundu. Huyu ndiye anayewamaliza."

Hakuna aliyecheka hata mmoja. Nilifurahi sana, mwanangu. Nilidhani ule ndio ufundi.

Wewe umezaliwa mjini, labda hujui macho mekundu yalikuwa na maana gani kwetu. Bibi zetu walipika maisha yao yote kwa kuni mbichi na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya nyumba ambamo moshi haukuwa na pa kutokea. Moshi ukawala macho. Na palikuwa na watu walioyatazama macho hayo wakasema wamemwona mchawi. Vikongwe walikatwa mapanga kwa sababu ya moshi wa jikoni kwao. Hilo nililijua. Nililijua nikiwa nimeshika fimbo.

Wiki iliyofuata nilikwenda kijijini Mwamapalala kumwona bibi yangu, mzaa mama. Njiani niliwakuta watoto wakicheza. Mmoja amejipaka udongo mwekundu kuzunguka macho, amesimama kando ya ukuta, hasemi kitu. Wenzake wamejipanga chini. Akimtazama mmoja, huyo anafumba macho na hainuki tena. Nilipita nao wote wamelala. Hakuna aliyeniamkia. Mzee mmoja aliyekuwa akirekebisha baiskeli yake karibu pale alitikisa kichwa akaniambia, "Lisemwalo lipo, kijana. Kama halipo, laja." Hakuwa anatania.

Bibi yangu alikuwa na desturi ya kwenda kuwajulia hali wagonjwa. Akifika alisimama kwanza nje, kwa sababu hakupenda kuingia nyumba ya mtu bila kuitwa. Wiki ile ile mtoto wa jirani alikuwa amefariki kwa homa, na bibi alikuwa amesimama pale, dirishani. Tangu msiba, jirani aliyezoea kuja kuomba moto asubuhi hakuja tena. Na mara mbili bibi aliamka akakuta nyayo za watu wazima zimeizunguka nyumba yake, zikasimama zikiwa zimeelekea mlangoni. Hayo alinieleza akiwa anakoroga michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Kisha akaniuliza.

"Mjukuu wangu, nasikia mmenionyesha kwenye video huko mjini."

"Si wewe, bibi."

"Watu wameniona. Nilikuwa nafanya nini?"

"Alikuwa amesimama dirishani."

"Hilo nafanya," alisema. Macho yake yalikuwa yanatoka machozi kwa moshi. "Na kwamba ninaua, ni nani aliyewaambia?"

Michembe iliungua mbele yetu sote wawili.

Nilimpakia kwenye baiskeli nikamleta Bariadi. Mama yangu alitaka nimfiche ndani mpaka maneno yapoe. Bibi akakataa. Alisema kama amekwenda mjini kwenye video bila yeye mwenyewe kujua, basi na yeye anataka kwenda kujiona. Siku ya mnada tukaiweka tena ile kanda. Watu wa Mwamapalala waliokuja kuuza ng'ombe walijaa, maana habari zilikuwa zimetangulia. Bibi akakaa benchi la mbele. Benchi lile likabaki la kwake peke yake.

Sikushika fimbo. Filamu ilikwenda bila maneno yangu, na mwanga wa televisheni ukampiga bibi usoni. Nyuso zikawa mbili. Bibi wa kwenye kanda alipogeuka kututazama, bibi yangu naye akageuka polepole, akawatazama waliokaa nyuma yake. Hadi leo sijui kama alifanya makusudi. Nilisikia mtu akivuta pumzi, nisisikie akiishusha. Kisha zikaja chenga, na sote tukawa weupe kwa mwanga ule, kama wafu walioitwa wasimame.

Nikasema, "Mwisho wake siujui. Lugha yao siijui hata neno. Sijui kama huyu bibi anaua au analia. Yale ya siku ile niliyatunga, kwa sababu niliogopa mtanicheka."

"Kumbe tulikuwa tunasikiliza redio mbovu," alisema mmoja, na banda zima likacheka. Kile nilichokiogopa maisha yangu yote kilikuja, kikapita, nikabaki nimesimama.

Ndipo mwanamke aliyekuwa mlangoni akasema, "Rudisha. Nataka nione kama kitanda kinakuwa kitupu kabla hajafika au baada ya kufika."

Alikuwa jirani wa bibi, mama wa yule mtoto aliyefariki. Alikuja kujionea mwenyewe.

Tukarudisha. Kitanda kimoja kilikuwa kitupu kabla bibi hajafika. Cha pili, baada. Cha tatu watu walibishana, wengine wakisema bibi ameshika kitambaa cha kufutia machozi, wengine wakisema ni kamba. Jenereta likazima tukiwa bado tunabishana. Mwanamke yule akapapasa gizani hadi benchi la mbele, akaketi.

"Mwadila, mayu," alisema, salamu ya mchana kwa mtu unayemheshimu.

Bibi aliitikia. Nilisikia sauti zao mbili tu, sikuwaona.

Si wote waliogeuka siku ile, nisikudanganye. Bibi hakurudi tena kulala peke yake Mwamapalala. Alikaa kwa mama, akazeeka hadi akachoka, akafia kitandani mwake. Kanda ile ilipotea. Lakini televisheni ikiingia chenga, bado huwa nangoja mtu aseme kitu.

Mwanangu, andika. Ila kabla ya kuniambia filamu ina maana gani, niambie kwanza ulichokiona, kisha unioneshe mahali ulipoongeza cha kwako. Maana unayoitoa haibaki bandani. Inatoka na watu, inakwenda nao nyumbani, na huko kuna mtu mwenye uso unaofanana na huo ulioutaja. Mungu akujalie macho yenye subira na ulimi unaojua kungoja, na asiwepo bikizee wa kukuuliza swali nililoulizwa mimi.

Siku hizi nikiulizwa maana ya filamu, naanza na nisichokijua.