Propela Ndogo ya Baba

Juzi niliona propela zimetundikwa dukani Embu, nikasikia tena harufu ya petroli na matope ya bwawa letu kule Gachoka.

Cucu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na homa kali, na hospitali ilikuwa ng'ambo ya bwawa. Ukame ulikuwa umepunguza maji. Baba alikuwa na propela mbili za boti, moja kubwa inayong'aa, nyingine ndogo iliyolika kingo. Akafunga ile ndogo.

"Baba, si tuweke ile ya mbio?"

"Hiyo itagonga visiki."

Nilikasirika, kwa sababu mimi niliona maji matupu.

Boti ilijikokota, injini ikikohoa. Katikati ya bwawa Cucu aliinua kichwa kutoka kwenye leso, akatazama kilima.

"Polepole hapo, mwanangu. Kuna ule mti wa mkau wa jikoni kwangu."

"Naukumbuka, Mami," Baba alijibu, akakata kona.

Nililia, nikidhani homa imewachanganya wote wawili. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba bwawa lilifunika boma lao. Siku hiyo Baba alikuwa akimpitisha mama yake nyumbani kwake, taratibu, asigonge kitu.