Baridi ya Kiti cha Nyuma

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya ndege ndogo, Fundi Mkuu alinituma niondoe vitu kwenye kiti cha nyuma cha ndege moja ili tukague nyaya zilizopita chini yake. Nilitoa mablanketi mawili, koti zito la kuvalia kwenye theluji, na chupa ya mpira ya kutiwa maji ya moto. Nikauliza kama mwenye ndege hulala humo. Fundi Mkuu, Mwaustralia mwenye maneno machache, alinijibu bila kuinua kichwa: "Hivyo ni vya mke wake. Ndiyo heta yake."

Nilikuwa nimetoka Auburn, papa hapa Australia, kwenye kiwanda kidogo cha kukunja bati, ambako msimamizi wetu alirudisha kazi yoyote iliyopinda hata kwa unene wa kucha. Mambo ya ndege nilijisomea kwenye treni nikienda na kurudi karakanani, nje kidogo ya Campbelltown. Ni safari ndefu. Unaweza kusoma sura nzima na kuirudia.

Nyingi kati ya ndege zetu zilikuwa za kujengewa nyumbani. Mtu hununua michoro na mabomba, hujifungia gereji miaka kadhaa, kisha hutoka na ndege ya watu wawili, mmoja mbele na mwingine mgongoni pake kama kwenye pikipiki. Ndege hizo zina desturi moja: aliyejenga ndiye mwenye neno la mwisho. Fundi hushauri tu. Vijana mnaoingia kazi hii, lijueni hilo mapema, litawapunguzia presha.

Joto la ndege hizo hutoka kwenye ekzosi, bomba la kutolea moshi wa injini. Bomba la ekzosi huvishwa koti la bati, hewa safi ikapitishwa katikati ya bomba na koti, ikapata moto, kisha ikaingizwa ndani kupitia tundu kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na watu. Tundu hilo liko miguuni mwa rubani. Abiria wa nyuma hupata kilichobaki, na mara nyingi hakibaki kitu. Ekzosi ikipasuka ndani ya koti lake, moshi wenye sumu huingia pamoja na joto, na sumu hiyo haina harufu. Ndiyo maana kila koti nililovua, nililipaka bomba povu la sabuni na kulisukumia hewa kutafuta ufa. Waliokuwa na haraka hawakunipenda.

Aliyenichosha kuliko wote alikuwa Mhandisi Ouma. Alikuwa amestaafu ujenzi wa barabara, Mjaluo mwenzangu kutoka Kenya, na ndege yake aliijenga kwa mikono yake ili yeye na mkewe waende kumwona binti yao, Akoth, anayeishi Dubbo, ng'ambo ya milima. Kwa gari ni kutwa nzima. Mama Akoth alikuwa muuguzi hospitalini Liverpool, na siku zake za mapumziko zilikuwa chache. Akoth alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza.

Walisafiri mara ya kwanza mwezi wa saba, ambao huku ni wa baridi kali. Waliporudi, Mhandisi aliruka chini akiwa na shati tu. Mama Akoth ilibidi tumsaidie kushuka, maana vidole havikuweza kushika ngazi.

"Baba Akoth huko mbele anatoka jasho," aliniambia, meno yakigongana. "Mimi huku nyuma nimekuwa samaki wa friza."

Mhandisi aliongeza koti la pili la bati. Safari iliyofuata yeye mwenyewe alifungua vifungo vya shati, na mkewe akashuka vilevile. Akavuta mpira wa kupitishia hewa ya moto kutoka mbele hadi chini ya kiti cha nyuma. Ukatoa pumzi dhaifu kama ya mgonjwa. Akamnunulia fulana ya kupasha joto kwa umeme. Ikachanganya redio kiasi kwamba waliowaongoza kutoka ardhini hawakusikika.

"Mama, baridi inakupata wapi hasa?" nilimuuliza.

"Kisogoni. Tangu siku ya kwanza nasema kisogoni."

"Haiwezekani," Mhandisi akaingilia. "Ndege inakwenda mbele. Upepo utatoka nyuma vipi?"

"Basi kisogo changu kinasema uongo, Mhandisi. Lakini nikishuka tena hivi, mimi na hiyo ndege basi. Mpandishe mbuzi."

Hakuwa akitania. Na Mhandisi, mbele yangu, alisema bila mkewe ataiuza, kwa kuwa hakuijenga ili aruke peke yake. Hapo nilidhani atasikiliza. Nilimwomba jambo moja: Fundi Mkuu arushe, yeye akae nyuma, aone.

"Fundi, mimi nimeijenga hii ndege. Niwe abiria ndani yake?"

Hiyo ndiyo kasoro ya wajenzi wote niliowahi kuwahudumia. Wanajua uzito wa kila msumari, lakini hakuna aliyewahi kuketi kwenye kile kiti cha pili kikiwa angani. Nilikaa mimi, Mhandisi akirusha, nimebandika vipande vya uzi wa kufuma pande zote za kiti ili nione hewa inakoelekea. Nyuzi za nyuma ya shingo zilinyooka kuelekea kwa rubani. Nikapiga picha. Mhandisi alizitazama, akanirudishia simu, akasema nimezibandika vibaya.

Nilitoka nje nikazunguka karakana nzima kabla ya kurudi.

Fundi Mkuu ndiye aliyemaliza mabishano. Alichukua kofia yake, akaketi kiti cha mbele cha ndege ya Mhandisi, akamwambia: "Panda nyuma, au isukume itoke kwenye karakana yangu." Mhandisi akapanda. Mama Akoth alisubiri nami getini, mikono kifuani.

Waliporudi, Mhandisi alikuwa ameinua kola hadi masikioni. Alitembea moja kwa moja hadi mkiani, akapiga magoti, akachungulia.

"Hewa inatoka huku," alitutangazia, kama mtu aliyeigundua.

"Angalau kisogo changu kimepata shahidi," mkewe akasema.

Sababu yenyewe ni hii. Ndege ikienda kasi, upepo unaopita juu ya kioo hunyonya hewa ya ndani itoke kwenye mianya. Nafasi hiyo hujazwa kutoka palipo wazi zaidi, nako ni mkiani, kwenye matundu zinamopita nyaya za usukani. Hewa ya baridi husafiri kwenda mbele, na huanza na shingo ya abiria. Ukiongeza moto mbele, unampikia rubani tu.

Tulishona pazia la turubai, tukaziba nalo nyuma ya kiti, kutoka sakafuni hadi juu. Kila waya ulipopenya tuliuvika mfuko wa ngozi laini. Nilizihangaikia ngozi hizo kuliko joto lenyewe, maana waya wa usukani ukikwama, baridi si shida yako tena. Mwisho tuliacha tundu dogo la kutolea hewa ubavuni, karibu na kiti cha nyuma; hewa ya moto haiingii mahali ambapo ya zamani haina pa kutokea. Ule mpira dhaifu wa chini ya kiti ukaanza kupuliza.

Walikwenda Dubbo asubuhi yenye umande ulioganda mweupe. Mama Akoth alinipigia simu akiwa amempakata mjukuu. Alisema alilala juu ya milima, na koti alilivua.

Sasa nimeacha kazi; magoti yangu hayataki tena sakafu ya zege. Bado vijana huniletea michoro ya heta kubwa zaidi. Nawauliza nani hukaa nyuma, na kama wamemuuliza. Kwa kawaida hujibu kuhusu ukubwa wa bomba.

Jumamosi iliyopita nilikunywa chai kwa akina Ouma. Mhandisi alinisogezea kiti, akanieleza kwa kirefu kwamba siku hizi joto lote linakimbilia nyuma, na yeye miguu inakufa ganzi. Alitaka tufungue pazia kidogo tu.

"Usiliguse, Fundi," Mama Akoth alisema, akinimiminia chai. "Mimi huku nyuma sijambo."