Shamba Lililongoja Wakaguzi

Ninyi wajukuu, na vijana wengine mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Shule niliikanyaga kidogo tu, lakini tangawizi naijua, na mlima huu naujua.

Mwaka juzi mvua iliporomosha mteremko wetu hapa Myamba. Ukuta wa mawe ulioshika shamba ukalala chini, tangawizi ikafunikwa na tope. Tukasikia serikali itawalipa wakulima walioharibikiwa. Nilifurahi, siwafichi. Kisha mtendaji wa kijiji akapita nyumba kwa nyumba.

"Msiguse kitu mpaka wakaguzi watoke Same waje waone kwa macho yao. Ukishatengeneza, utawaonyesha nini?"

Basi tukakaa. Tope likakauka, magugu yakaota juu yake. Mbegu niliyookoa, niliyoitandaza kivulini nyuma ya jiko, ikaanza kuchipua. Mbegu ya tangawizi haina subira. Usipoifukia inanyauka, na msimu ndio umekwenda. Kila asubuhi nilishuka kuutazama ule ukuta.

Nilianza kuujua nikiwa bibi harusi. Hata wakati ule ulibomoka. Pembe ya msaragambo ikalia, yaani kazi ya kijiji kizima, na kabla umande haujakauka mteremko ulijaa watu. Wanaume walipanga mawe, sisi wanawake tuliyabeba, na makande yalichemka kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Mama mkwe wangu akanitazama, akapaza sauti wote wasikie:

"Mwoneni bibi harusi wetu, anabeba jiwe kama amebeba yai!"

Walicheka mpaka wakaweka majembe chini. Niliona haya. Nikalitupa lile, nikachukua kubwa hasa. Mume wangu alilipokea, akalikalisha kwenye kona ya ukuta. Marehemu hakuwa msemaji. Lakini kila tulipopita pale, hata uzeeni, aliligusa kwa mguu. "Yai lako hili," ananiambia, tunaendelea na njia.

Sasa jiwe lile lilikuwa limelala kwenye tope, chini kabisa.

Jioni moja wingu likajikusanya juu ya mlima. Mwanangu alikuwa uani na simu yake. Nikamwambia kesho tunajenga.

"Mama, subiri kidogo. Wakikuta ukuta umesimama watasema hatukupata hasara. Tutakosa."

"Wanakuja lini?"

"Wamesema karibuni."

"Karibuni hiyo naisikia tangu tope likiwa bichi. Kwani shamba ni maiti, lingoje polisi?"

Mkewe akacheka, akajiziba mdomo. Mwanangu hakucheka. Ana watoto wa shule, na msaada ule alishaupangia kazi. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe niliutaka, na ulikuwa haki yetu. Lakini fedha zikija mbegu imeshakufa, tutapanda nini? Simu?

Nikasimama.

"Kesho hakuna atakayekunywa chai katika nyumba hii, na mimi nimo, mpaka lile yai langu lirudi kwenye kona yake. Wewe wapigie majirani, hiyo simu ndiyo pembe yenu siku hizi. Na wewe mkwe wangu, loweka mahindi na maharage sasa hivi. Loweka mengi."