Mali ya Mjerumani Kilimani Kwetu

Kijiji chetu kilikuwa juu ya kilima, upande wa Sibwesa, nyumba chache tu, lakini kila aliyeshuka treni pale Mpanda alikuwa ameshasikia habari zake. Ati Mjerumani alipokimbia vita alifukia masanduku ya dhahabu kwetu. Miaka ya tisini wageni walikuja na sururu na waganga, wakapindua kila jiwe lenye mkwaruzo, wakidai ni alama ya Mjerumani. Kilima kikawa mashimo matupu. Mbuzi wetu walivunjika miguu humo, na hakuna aliyeokota hata kifungo.

Baba alipofariki tulimzika kama sisi Wasukuma tunavyomzika mwenye mji: ndani ya zizi, amefungwa kwenye ngozi ya ng'ombe. Kisha tukaswaga mifugo juu yake mpaka kaburi likawa sawa na ardhi. Wa nyumbani tulijua alipo, na hiyo ilitutosha. Kaka zangu walipotaka tuhame kufuata malisho, mama alikataa katakata.

"Nyie nendeni. Mimi simwachi mzee wangu."

Kiangazi kimoja tulikwenda msibani Kasekese. Tuliporudi tulikuta zizi limechimbwa. Jirani alisema mganga alichomachoma ardhi kwa nondo, akakuta mahali palipo laini, akaapa kwamba hapo pamefichwa kitu. Wajinga wale! Walipokosa dhahabu walimwacha baba kando ya shimo, juani, wakaenda zao.

Mama hakulia. Aliokota mifupa, akaifunga kwenye kitenge chake kipya. Kaka mkubwa akasema tumzike upya, safari hii tumjengee kwa mawe.

"Ujenge mawe, waseme ni alama?"

Mama akachukua jembe na ule mzigo, akakataa kusindikizwa. Alirudi jioni, magoti yamejaa udongo, akasema yuko tayari kuhama. Angebaki, watu wangemwangalia anakoelekea.

Nilimuuguza mama miaka ya baadaye, mbali na kilima. Siku moja nikamuuliza, "Mama, baba ulimzika wapi?"

"Nikikwambia utaenda kumsalimia, mwanangu. Na wao watakufuata."

Nilikasirika, nikatoka nje nikalia. Nilitaka walale pamoja, basi. Sikumuuliza tena, naye hakusema. Alipofariki tulimzika peke yake.